UZI: Siku 9 nimelisha kruu ya filamu Mikindani na Msimbati, yaliyonikuta (ni mrefu, kaa na chai)

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Mi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo nimeona na mimi nilete kitu maana kila uzi wa filamu humu ndani ni nani kaachana na nani, hakuna hata mmoja anayeuliza wale watu wanaobeba mataa na nyaya toka alfajiri walikula nini.

Nina genge la chakula hapa Mtwara mjini upande wa Chikongola, mwaka wa 11 huu. Mwaka jana mwezi wa saba kuna kijana mgeni akaja akala wali maharage, kesho yake akarudi, siku ya tatu akaniuliza mama unaweza kulisha watu 38 siku 9? Nikamwambia mwanangu mi nimeshapika msiba wa watu mia nne, hao 38 kitu gani. Hapo ndo nilipokosea, kufananisha seti (pale wanapopigia filamu) na msiba. Msibani watu wakitoka makaburini wanarudi kula. Kwenye seti hawarudi.

Filamu yenyewe ni ya enzi za Mjerumani kwaiyo siku tano ilikuwa Mikindani kwenye zile nyumba za kale, chini ya Boma (lile la 1895 ambalo sasa ni hoteli), siku mbili Msimbati ufukweni, mbili kwenye shamba la mikorosho njia ya Naliendele. Nikapewa ratiba kwenye karatasi safi kabisa, chai saa 12 asubuhi, msosi saa 7 mchana, cha jioni saa 1. Nikaiamini kama adhana.

Siku ya kwanza nikasema ngoja niwaonyeshe watu wa Dar sisi wa Kusini tunakulaje. Wali wa nazi, changu kwenye mchuzi mzito, kisamvu, tikiti. Saa 6 na dakika 40 kila kitu tayari nimefunika na kanga juu. Saa 7 kimya. Saa 7 na nusu akaja msaidizi wa dairekta ananyata, "mama bado shoti moja". Saa 8, "mama bado shoti moja". Wakuu mi naamini ilikuwa shoti ile ile. Jua linahama, kivuli cha mwembe kimetuacha, tunasogeza masufuria kama wakimbizi. Wamekuja kuvunja (yaani kusimamisha kazi wale) saa 10 kasoro dakika kumi.

Sijui wangapi kati yenu mmeshakutana na wali wa nazi unaoanza kuchacha. Mwanzoni haunuki vibaya, unanukia utamu tamu hivi kama mkate wa kumimina uliolala, af ukichota na mwiko zile punje zinavutana, kuna kautelezi. Nikaonja kidogo ulimi ukaniambia acha. Kilo 8 za mchele. Nikafunika tena taratibu kama vile sijaona kitu, nikamwita kijana wangu pembeni nikampa hela achukue boda akimbie mjini alete mikate na mayai trei tatu. Changu walipona kwa sababu sufuria lao halikutoka jikoni ila kwa kuchemka masaa matatu walishakuwa uji wa samaki wenye miba. Watu wamekula mkate na mayai saa 11 kasoro, dairekta hakuniangalia usoni mpaka kesho yake.

Usiku ule nimekaa na daftari la mwanangu nikajiambia hawa watu hawali chakula kikiiva, wanakula kilichosubiri. Bas nipike chakula kinachojua kusubiri. Nikaanza kupanga upya yote.

Naendelea kidogo, ngoja nifunge genge.

#2

Mama nimecheka hapo kwenye shoti moja 😂😂 endelea tupo. Ila watu wa Dar ulishindwa kuwapa ming'oko kweli?

#3

Kilo 8 watu 38? Si mchele mwingi huo, shughulini kilo moja tunahesabu watu saba.

#4 – Mleta uzi

Nimerudi.

@2 ming'oko niliwapa siku ya tatu, nimechemsha na chumvi nikaweka kwenye beseni na pilipili pembeni, wakawa wanashika shika wanaulizana huu ni mzizi au? Jioni wakawa wananifata wenyewe "mama vile vimizizi vipo?" Ni kitafunwa kizuri cha seti, hakichafui mikono, mtu anamenya huku kashika nyaya. Na korosho za kukaanga pia, ila hizo bajeti iliniambia nitulie.

@3 shughulini wageni wamekaa kwenye viti wamevaa vizuri. Hawa wanabeba jenereta wanapandisha kile kilima cha Boma. Kilo moja watu watano na usipime kwa huruma. Unga nao hivyo hivyo, kilo watu wanne. Maji chupa mbili za lita moja na nusu kwa kichwa, Msimbati tatu na bado wakaniomba. Sukari kilo mbili kwa siku, hapo sijui nisemeje, wa saundi peke yake anaweka vijiko vinne.

Sasa vyakula. Vinavyosubiri: maharage, mbaazi, nyama ya mchuzi (hii ndo kwanza inazidi kunoga), pilau, makande, viazi mviringo kwenye rosti, kuku wa kienyeji. Wali mweupe wa mafuta nao unavumilia ukiuacha juu ya moto wa mkaa mdogo na mwingine juu ya mfuniko. Visivyosubiri ni vile vitamu vyetu vyote, wali wa nazi, ugali, samaki wa kukaanga (analowa anakuwa sponji), chipsi usithubutu, kachumbari inatoa maji, mchicha unageuka mweusi.

Ila sikukubali watu watoke Mtwara hawajala nazi, hiyo ni aibu ya ukoo. Nikafanya hivi, mbaazi nazichemsha na tui jepesi mpaka ziive kabisa, tui zito silitii. Linakaa kwenye deli na barafu. Wakishavunja kweli kweli ndo namimina, dakika tano linachemka, watu wakinawa mikono mchuzi uko mezani unanukia nazi mbichi. Ugali hivyo hivyo, maji yanachemka toka saa 6, unga uko pembeni umechekechwa, sisongi mpaka nione ishara.

Na ishara sio ratiba na sio yule kijana wa bado shoti moja, yule anatumwa tu maskini. Ishara nilijifunza kwa kuangalia. Wakibadilisha lenzi bado. Wakihamisha taa bado sana, kaa chini. Dada wa mekapu akianza kurudisha vibrashi kwenye mkoba mmoja mmoja na kupangusa, songa ugali. Hajawahi kunidanganya hata siku moja yule dada na wala hajui kama nilikuwa namwangalia.

#5

Mama mi ni afisa afya halmashauri moja huku Lindi, niongeze kitu kwenye wali. Sio nazi peke yake. Hata wali mweupe kuna bakteria anaishi kwenye mchele, mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, wali ukikaa uvuguvugu masaa anaamka na sumu anayotoa haiondoki hata ukipasha upya. Watu wanajidanganya "nimepasha". Kwaiyo ule mkaa wako chini na juu ni sahihi kabisa, chakula kikae cha moto zaidi ya nyuzi 60 au kiwe cha baridi ya barafu, hapo katikati ndo kaburi. Na jua letu hili saa moja tu nje inatosha kuharibu.

Lingine samaki. Jodari na vibua wakikaa juani kabla ya kupikwa wanatengeneza kitu kinachowasha, mtu akila anakuwa mwekundu anavimba midomo kichwa kinauma anadhani amerogwa. Kupika hakukiondoi. Barafu toka mtumbwini.

#6 – Mleta uzi

@5 shukrani sana mkuu, hii ya jodari kumbe ndo maana. Mwaka fulani kuna mteja alinivimbia gengeni nikaambiwa nina mkono mbaya.

#7

Mimi ni mtu wa taa, nimefanya kazi na kruu za nje zinazokuja kupiga dokumentari Kilwa na mbugani, niwaambie wenzetu hili jambo ni la mkataba. Marekani vyama vyao vimeandika msosi usipite masaa sita toka mtu aripoti kazini, ukipita prodyusa analipa faini kwa kila kichwa. Na ile nusu saa ya kula inaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho kwenye foleni akishapata sahani yake, sio wa kwanza. Huku kwetu wa kwanza akimeza tonge la pili dairekta anaita "haya jamani turudi". Mi nishawahi kula nyama ya mfukoni. Kweli kabisa, nimeifunga kwenye leso nikapanda nayo ngazi.

Mama na wewe kwenye foleni ulimweka nani mbele?

#8 – Mleta uzi

😂😂 nyama ya mfukoni!! Pole mwanangu.

Mbele niliweka nyie wa taa na wa kamera kwa sababu niliona ndo mnaoitwa wa kwanza kurudi. Waigizaji wakubwa walinuna siku moja af wakazoea, wao wanarudishwa kupakwa poda upya kwaiyo wana muda.

Sasa nielezee kelele maana hii hakuna aliyenionya. Jiko langu siku ya pili lilikuwa nyuma ya nyumba hatua kama thelathini na walipo. Wakisema "kimya seti" na mimi nanyamaza, lakini mafuta hayanyamazi. Nakaanga vitunguu chwaaa, saundi meni katoa yale mahedifoni anaangalia huku na huku kama mtu aliyesikia nyoka. Wakaja kuniambia mama kuna mvua inanyesha kwenye kipaza sauti. Nikahamia mbali zaidi, upande wa chini kuelekea bahari, huko nako kusi inavuma, mwezi wa saba mnaijua, inapeperusha majivu inaingia kwenye mboga. Ikabidi tuzungushie mabati mawili ya kuazima. Na mfuniko wa sufuria uliomponyoka binti yangu katikati ya sini ya kilio mi sitausema.

Halafu beseni. Filamu ya enzi za Mjerumani, mimi na beseni langu la plastiki la bluu la kuoshea vyombo nimeliegesha kwenye kona ya ukuta, wamepiga sini nzima wapagazi wanapita na mizigo ya pembe kichwani, jioni wanaangalia kwenye kioo, hilo hapo. Linang'aa. Nikaambiwa sini itarudiwa. Toka siku ile kila alfajiri dada wa kontinyuti (anayeangalia vitu kwenye sini visigongane) anapita jikoni kwangu anahesabu plastiki.

#9

Hao wapagazi walikuwa wenyeji? Walilipwa ngapi na walikula nini? Maana mimi nilishaigiza hivyo mara moja sehemu fulani, soda na biskuti, toka asubuhi mpaka magharibi.

#10 – Mleta uzi

@9 umegusa penyewe. Malipo siyajui, ila chakula nitakusimulia.

Siku ya nne wameleta watu 60 wa pale pale Mikindani na vitongoji vya jirani kuwa wapagazi. Sikuambiwa. Prodyusa akasema ekstra (hao wa kujazia sini) wana soda na biskuti zao wewe pikia kruu tu. Sawa. Saa 9 wakavunja, nimepika pilau ya nyama siku hiyo, ile harufu ya pilau mnaijua inafika msikitini. Watu 38 wanapakua, watu 60 wamekaa chini ya mkwaju wanaangalia. Wamepakwa vumbi la kuigizia juu ya vumbi la kweli. Na katikati yao namwona mwalimu wangu wa chuo, aliyenifundisha Qur'an nikiwa na miaka sita, kavaa kikaniki, kashika biskuti hajaifungua.

Jamani sisi hapa mtu akipita barabarani unakula unamwambia karibu, hata kama humjui. Nikaenda, nikamwamkia shikamoo mwalimu, karibu chakula. Akasema marahaba mwanangu, nimeshiba, kuleni. Midomo imemkauka.

Sikumuuliza mtu. Nilirudi nikachukua masinia nikapakua na kuwapelekea wazee kwanza, pilau ikaisha kruu watano hawajapata, ukatokea ugomvi mkubwa. Prodyusa akanikata hela ya siku ile nusu. Nikamwambia kata, ila kesho sipiki mpaka tuelewane. Kwa kweli nilikuwa natetemeka maana ile hela nilishaiweka kwenye ada, lakini wangempata wapi mwingine kesho yake saa 10 alfajiri?

Tukaelewana hivi, ekstra wanapikiwa sufuria lao, muhogo wa kuchemsha na maharage na chai ya tangawizi, unaandikwa kwenye hesabu mstari wake peke yake. Muhogo huku ni bei ya chini sana, watu 60 hawakufika hata gharama ya zile soda. Siku ya tano wa kamera wawili wakaja kula kwenye sufuria la ekstra.

Wenzangu mkiitwa kazi hizi ulizeni kabisa, ekstra wangapi na siku gani.

#11

Safi sana mama, umenitoa chozi. Msimbati je? Kule si mchanga tupu.

#12 – Mleta uzi

Msimbati nitapita haraka maana jua lenyewe lilinipitia haraka. Maji ya visima pale karibu na bahari yana chumvi, chai yake unakunywa kama dawa, kwaiyo tulibeba madumu 15 ya lita 20 toka mjini. Gari ikazama kwenye mchanga kabla ya kufika Ruvula, madumu yakabebwa na wale wale wa taa, @7 wenzako hao. Kuna kitu kilinichekesha, njiani unapita Madimba kwenye mitambo, gesi inatoka hapo Mnazi Bay inasafiri kwa bomba mpaka Dar, mimi napita na gunia la mkaa juu ya gari. Najua ya mtungi ni gesi nyingine msinifundishe, nasema tu.

Menyu ya Msimbati ilikuwa makande siku ya kwanza na nyama rosti na chapati siku ya pili, chapati zimepikwa usiku mjini. Pweza walinunua wenyewe kwa wavuvi nikawatengenezea supu ya usiku. Wakaacha kuniita mama wakaanza kuniita bi mkubwa.

Shambani kwa mikorosho nako kifupi, jirani alikuwa anapulizia salfa, upepo umegeuka, chai ya saa nne imemwagwa yote.

Kuna mtu kaniuliza inboksi kuhusu masharti ya watu. Uliza kabla ya siku ya kwanza, andika majina. Kwenye 38 nilikuwa na wawili wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, hao unawawekea futari yao pembeni usisubiri wakuombe, mmoja hali nyama kabisa (mbaazi na kisamvu zilimwokoa), na mmoja karanga zinamdhuru. Huyo wa karanga nilimjua siku ya pili kwa bahati tu, alikuwa anaangalia kisamvu akaniuliza mama humu umeweka nini. Nilikuwa nimeweka karanga. Angekuwa na njaa zaidi asingeuliza.

Malipo: nilichukua advansi theluthi moja, msifanye hivyo, chukueni nusu na zaidi. Iliyobaki nimelipwa baada ya miezi miwili na simu nyingi. Soko halikopeshi miezi miwili.

#13

Mama, hakukuwa na sini ya kula? Maana kwenye filamu wanakula mnasema chakula cha kuigizia, ni cha kweli?

#14 – Mleta uzi

Eeh nilitaka kusahau, hii ndo niliyoletea uzi.

Siku ya tano, sini ya baba anakula samaki na ugali wa muhogo kwenye bakuli la udongo. Dairekta kaniambia mama nitafutie samaki mmoja mzuri. Dada wa kontinyuti akanivuta pembeni, mama leta sita, wa sawa sawa. Nikamuuliza sawa kiasi gani? Akasema kama mapacha.

Kusi inavuma wavuvi wadogo wengi hawatoki, nimefika pale feri wanakovukia kwenda Msangamkuu saa 11 alfajiri na kipande cha kamba mfukoni. Nikampata changu wa kwanza, nikampima na kamba toka mdomo mpaka mkia, nikafunga fundo. Af nikawa napita kwa kila muuzaji natoa kamba yangu. Watu wananiangalia. Mzee mmoja akaniuliza mwanangu unanunua samaki au unamshonea nguo? Mpaka saa 1 nimepata sita, mmoja mkia umekatika kidogo nikasema huyo tutamlaza upande.

Nikawakaanga rangi moja, sikutia chumvi wala ndimu maana nilijua yule baba wa watu atakula wengi. Teki ya kwanza alikuwa na njaa ya kweli akala kwa raha, "kata!", sahani itolewe aletwe mwingine mzima, maana lazima aanze upya kumega pale pale begani. Ya pili ndege imepita. Ya tatu kasahau maneno. Ya nne akaomba ndoo, akawa anatafuna wakisema kata anatema. Ya tano ikapita, watu wakapiga makofi yeye anashika tumbo.

#15

Na samaki wa sita?

#16

Mama jibu, samaki wa sita 😂

#17 – Mleta uzi

Samahanini nilikuwa nachambua mchele.

Wa sita nilimfunika kwenye sahani. Saa 5 usiku tumeshaosha vyombo tunapakia gari, naona mtu kainama gizani pale kwenye meza, ni dairekta. Mchana mzima hakuja kwenye foleni, sikumbuki kumwona na sahani siku tano zote. Kasimama anamega kwa mkono, samaki wa baridi, kamfikia mgongo kabisa. Akaniona, akameza, akasema mama huyu samaki mbona hana chumvi?

Nikamwambia chumvi inakuja, bado shoti moja.